Variesheni za Carmen za Horowitz: nimesikiliza rekodi zake za miaka 50, ya 1968 ndo ya kununua

Wenye haraka nawapa jibu mapema kabisa. Kama unataka rekodi moja tu ya variesheni za Carmen (opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa) za mpiga piano Vladimir Horowitz, chukua ile ya tamasha la televisheni la 1968, albamu inaitwa Horowitz on Television, kibao chenyewe kimewekwa mwisho na ni cha dakika 4 hivi. Nyota 5 kati ya 5 na sijisikii vibaya kuzitoa zote. Mwenye muda akae tuongee, maana hiki kibao nimeishi nacho miaka sita sasa, nimekisikiliza, nimekinunulia karatasi za noti (muziki ulioandikwa), nimekaa nacho kwenye piano mpaka kifundo cha mkono kikaniuma, kwa hiyo nina ya kusema.

Kwanza kwa asiyejua variesheni ni nini. Mtu anachukua wimbo mmoja, anaupiga ulivyo ili masikio yaukariri, halafu anaurudia tena na tena kila safari kauvalisha nguo nyingine, wimbo uleule ila mwendo mwingine, mapambo mengine, wakati mwingine umejificha kabisa mpaka uutafute. Zamani kabla ya santuri hii ndo ilikuwa njia ya watu kuzisikia opera majumbani na kwenye kumbi ndogo, mpiga piano anakuja na nyimbo za opera inayotamba, anazichanganya na ufundi wake, watu wanapagawa. Mtunzi na mpiga piano Chopin alitunga variesheni za wimbo wa Don Giovanni, opera ya Mozart, mwaka 1827 akiwa bado kijana wa miaka 17, mwenzake Liszt naye akaitunga fantasia yake (kibao huru kinachojengwa juu ya nyimbo za opera) ya Don Juan 1841, na mwaka 1837 kule Paris Liszt na mpinzani wake Thalberg walikutanishwa kwenye sebule ya Princess Belgiojoso wapambanishwe kila mmoja na fantasia yake ya opera. Kwa hiyo Horowitz alipokuja na Carmen yake karne ya 20 alikuwa anaendeleza kitu cha siku nyingi, ambacho wapiga piano wengi wa wakati wake walishaanza kukiona ni cha kizamani na cha kujionesha tu. Mi sikubaliani nao na nitasema kwa nini.

Opera yenyewe ni ya Georges Bizet, Mfaransa, ilioneshwa mara ya kwanza Paris pale Opéra-Comique Machi 3, 1875, na watu hawakuichangamkia, wengine waliona ni aibu tupu, halafu Bizet akafariki Juni 3 mwaka huohuo, miezi mitatu kamili, ana miaka 36, hakuja kuona jinsi dunia ilivyoipokea baadaye. Kila nikikumbuka hilo linaniuma. Sasa wimbo alioutumia Horowitz ni ule unaofungua sehemu ya pili, tuko kwenye baa ya Lillas Pastia nje ya kuta za mji wa Sevilla, Carmen, msichana wa Kijipsi ambaye ndo mhusika mkuu, yuko na wenzake Frasquita na Mercédès, na anaimba wimbo wa Wajipsi. Unaanza taratibu sana, filimbi mbili zinatembea pamoja kama marafiki walioshikana mikono, chini yake nyuzi zinadonolewa tu polepole, halafu kila ubeti unaongeza mwendo kidogo, wenzake wanadakia kiitikio cha tra la la, watu wanainuka kucheza, na ubeti wa tatu unapoisha ni mbio tupu, orkestra yote inafoka. Ukisikiliza hiyo sehemu kabla ya kusikiliza Horowitz utaelewa kila kitu. Nakuomba ufanye hivyo, ni dakika 5 tu.

Maana ufundi wa hiki kibao uko hapo hapo. Bizet ana sauti za watu, ana filimbi, ana ngoma, akitaka moto uongezeke anaongeza watu na mwendo. Horowitz ana vidole kumi. Kwa hiyo anachofanya ni kuongeza wingi wa noti huku mdundo wa chini haumtoki mkononi, mwanzo wimbo umekaa mwepesi, mkavu, karibu wa kunong'ona, halafu noti zinaanza kuja mbilimbili, halafu mkono wa kulia unapanda juu kabisa unamwaga vitu vidogovidogo vinavyometa huku wimbo uko katikati hapo unatembea zake kama hausumbuliwi, mwisho mikono miwili inapishana kwa okteva (noti mbili za jina moja, ya chini na ya juu, zinapigwa pamoja), kulia kushoto kulia kushoto, kwa kasi ambayo sikio haliwezi tena kutenganisha mkono upi umepiga nini. Hajaleta kitu kigeni kwenye wimbo, kafuata njia ileile ya ile baa, kutoka kunong'ona mpaka kufoka. Ndo maana nasema wanaokiita kibao cha kujionesha wanakosea, kinaonesha ufundi ndiyo, ila ufundi unatumikia ngoma.

Na kuna jambo wengi hawalijui, Horowitz alipokuwa kijana kule Kiev alitaka awe mtunzi. Mapinduzi yalipokuja familia ikapoteza mali ndo akaanza kupiga matamasha ili wapate riziki. Hii Carmen ni katika vitu vichache alivyovitengeneza mwenyewe ambavyo hakuviacha mpaka uzeeni, na alikuwa anaibadilisha badilisha kila baada ya miaka. Kwa hiyo unaponunua rekodi hununui kitu kilekile kimepigwa mara tano, unanunua hatua tofauti za kitu ambacho mwenyewe alikuwa bado anakishona.

Haya twende kwenye rekodi zenyewe. Ya 1928 alirekodi akiwa na miaka 24, mwaka uleule alioingia Marekani kwa mara ya kwanza, na miaka hiyohiyo ya 1920 alikuwa amekipiga pia kwa zile piano za kujiendesha zinazosoma karatasi yenye matundu. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulikuwa unabeba dakika 3 mpaka 4 na kibao kinaingia humo vizuri kabisa. Sauti ina mikwaruzo kama mvua kwenye bati, ila usiogope, baada ya sekunde 20 sikio linazoea na unachosikia ni kijana mwenye njaa. Kuna ubichi fulani pale ambao baadaye haupo tena. Kama sampuli ya historia nzuri sana, ila sio ya kuanzia.

Ya 1947 ndo kali kuliko zote, na nawajua watu wanaoapa kwamba hakuna nyingine. Nawaelewa. Ile ina hasira, mwisho wake ukisikiliza kwa sauti kubwa moyo unaenda mbio kweli, mara ya kwanza niliisikiliza kwenye basi nikiwa na spika za masikioni na nilidhani ni watu wawili wanapiga, nikarudisha nyuma mara tatu nikiamini nimekosea kusoma maelezo. Lakini nikiiweka mara nyingi mfululizo nachoka. Moto umewashwa mapema mno, ukifika katikati huna pa kupanda tena. Ya 1957 sina mengi ya kusema, safi, imepigwa na mtu aliyekuwa ameshaacha kutokea jukwaani tangu 1953 na anarekodi tu bila watu mbele yake, na kwa masikio yangu huo ukosefu wa watu unasikika.

Sasa 1968. Hapa naomba mniruhusu nikae.

Huyu mtu alijifungia miaka 12, akarudi Carnegie Hall, ukumbi maarufu wa New York, Mei 1965, na miaka mitatu baadaye, ana miaka 64, watu wa televisheni ya CBS wakamshawishi apige mbele ya kamera humo humo Carnegie Hall na watu wamejaa, wakaonesha Septemba 22, 1968. Tamasha la piano, mtu mmoja na ala moja, kwenye televisheni ya kitaifa ya Marekani. Na kitu cha kwanza kinachokupiga ukiangalia picha ni kwamba hatikisiki. Amekaa chini sana, vifundo vya mikono viko chini ya usawa wa vitufe, vidole vimenyooka bapa kinyume na tunavyofundishwa wote kwamba uvikunje kama umeshika chungwa, kidole kidogo cha mkono wa kulia kimejikunja kama mkia wa nge na kinafunguka ghafla pale tu noti yake inapohitajika. Uso hauna habari. Hakuna kurusha nywele, hakuna kufumba macho, hakuna kuyumba. Noti zinamiminika kama mchele kwenye gunia lililotoboka na yeye kakaa kama anasoma gazeti.

Na ndo nikaelewa kwa nini ya 1968 inashinda ile ya 1947. Ni kile anachokizuia. Mwanzo anaupiga wimbo kwa sauti ndogo mpaka ukumbi mzima unasikika umeacha kupumua, kila noti imekatwa fupi, pedali ya mguuni inayorefusha sauti karibu haigusi, halafu kuna vijisehemu vya besi mkono wa kushoto anavidokoza kama mtu anagonga meza kwa kidole kimoja baani. Ukija ubeti unaofuata anaongeza kidogo tu. Kidogo tu! Unajua kabisa ana uwezo wa kulipua ila hakupi. Zile noti za juu zinazometa anazipiga kwa wepesi ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mwingine yeyote, sio laini, ni wepesi wenye makali. Na anapofika zile okteva za mwisho ndo anafungua mlango wote, na kwa kuwa alikuzuia dakika tatu nzima basi kinachotoka hapo kinakuwa kikubwa mara mbili ya kilivyo. Nguvu yenyewe huenda ni ileile ya 1947, tofauti ni kwamba safari hii umeisubiri.

Mwaka 1978, Februari 26, alikipiga tena Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Jimmy Carter, kusherehekea miaka 50 tangu aingie nchi hiyo, akiwa na miaka 74. Ile nayo ipo na video yake inatazamika. Kwa heshima zote naisikiliza kwa mapenzi zaidi kuliko kwa furaha, besi anazigonga kwa nguvu mpaka zinakuwa ngumu, na kuna mahali noti zinapandana. Ila kumbuka ni mzee wa miaka 74 anapiga kitu ambacho vijana wa miaka 20 wanakiogopa, na ule mdundo wa kucheza bado anao, mdundo haujazeeka hata kidogo.

Sasa niongelee karatasi za noti, maana najua kuna wapiga piano humu watakaouliza. Horowitz hakuzichapisha. Maisha yake yote hakuzitoa. Kila karatasi ya noti unayoiona inauzwa ni kazi ya mtu aliyekaa na rekodi akasikiliza, akasimamisha, akarudisha, akaandika. Kwa hiyo cha kwanza kuuliza kabla hujatoa hela ni hii noti imeandikwa kutoka rekodi ya mwaka gani, kwa sababu zinatofautiana, na kuna noti zingine mwandishi kachanganya mwanzo wa mwaka huu na mwisho wa mwaka ule bila kukwambia. Ya kwanza niliyonunua mimi, muuzaji simtaji, ilikuwa na makosa kila ukurasa. Kuna sehemu mkono wa kushoto umeandikiwa noti ambazo mkono wa binadamu haufiki, nikahangaika nazo wiki mbili nikidhani tatizo ni mkono wangu mdogo, mpaka mwalimu wangu akaniambia weka rekodi tusikilize pamoja, tukapunguza mwendo kwenye simu, akasikiliza mara moja tu akasema mwanangu hiyo noti hapo haipo, imechukuliwa na mkono wa kulia. Nilitaka kulia. Wiki mbili!

Tangu siku hiyo njia yangu ikabadilika, nikawa natumia karatasi kama ramani tu na sikio ndo linaamua. Mwalimu akanizuia kabisa kupiga kwa kasi kwa miezi minne ya mwanzo, akasema piga polepole na piga kwa sauti ndogo, ukishindwa kukipiga kwa sauti ndogo hujakijua. Nikaona anaonea. Sasa hivi nikisikiliza 1968 nasikia maneno yale yale ndani ya ule mwanzo. Sijakimaliza mpaka leo, sehemu ya okteva za kupishana naweza kuipiga kwa theluthi mbili ya mwendo bila kukaza mkono, nikizidisha hapo mkono unakaza na kifundo kinaanza kuniuma, na hapo nasimama. Mdogo wangu unayeanza, tafadhali, maumivu yakianza simama, usijitie ushujaa, hizi okteva zikipigwa kwa mkono uliokaza zinaumiza kweli.

Kuna mwingine lazima nimtaje kwa haki, Arcadi Volodos, Mrusi aliyezaliwa Leningrad 1972, albamu yake ya kwanza ya transkripsheni (vibao vya wengine vilivyogeuzwa kuwa vya piano) iliyotoka 1997 inafunguliwa na kibao hikihiki. Sauti ya rekodi ni ya kisasa, unasikia kila kitu, na kwa usafi wa vidole huyu anamzidi hata Horowitz mwenyewe, sijui kama kuna noti moja iliyomponyoka. Kama spika zako ni nzuri na unataka kusikia kibao kina nini ndani chukua hiyo. Mimi ninayo na naipenda. Ila huwa nikiiweka nawaza piano, na nikiweka ya Horowitz nawaza ile baa na wale wanawake watatu na miguu inayopiga sakafu. Vijana wengi wa siku hizi wanaokipiga kama nyongeza mwisho wa tamasha wanaanza tayari wako juu, noti ya kwanza tu wamekanyaga mafuta mpaka mwisho, makofi wanapata na wanastahili kwa kazi, lakini wimbo wa Bizet unakuwa umeachwa mlangoni.

Kuhusu albamu nzima ya 1968, usidhani unanunua dakika 4 na mengine ni ya kujazia. Kuna Balladi ya kwanza ya Chopin, kuna Poloneizi yake ya fa diezi minor ambayo inatisha, kuna Scarlatti sonata mbili, kuna Arabeski ya Schumann, kuna Etyudi ya Scriabin opasi 8 namba 12 ambayo peke yake ingetosha kuuza albamu. Na kuna Träumerei ya Schumann, kutoka mkusanyo wake kuhusu utoto, rahisi hata mwanafunzi wa mwaka wa pili anaisoma, kaiweka karibu kabisa na Carmen, na mtu huyohuyo anaipiga kama anamfunika mtoto shuka. Sikiliza hizo mbili zikifuatana bila kusimamisha. Ule wepesi wa kugusa kwenye Träumerei na ule wa mwanzo wa Carmen ni mkono mmoja, nilivyogundua hilo niliacha kabisa kumuona Horowitz kama mtu wa mbio.

Mapungufu yapo. Picha ya video niliyoiona mimi imefifia, rangi zimechoka, na kamera kuna wakati inakaa usoni kwake wakati sisi tunataka mikono, hasa hapo kwenye okteva, inakera sana. Sauti sio ya kisasa, piano yake ina ule mlio wa juu mkali kama kioo ambao wengine hawaupendi, na ukisikiliza kwa spika ya simu utausikia huo ukali tu na besi hutazipata. Tumia spika za masikioni zinazofunika sikio lote, na mwanzo usipandishe sauti hata kama unaona ni ndogo, iache ndogo hivyohivyo, ukipandisha mwisho utakuumiza masikio.

La mwisho ni kuhusu nakala. Ya kidijitali niliyonunua mwanzo walikata makofi yote, kibao kinaisha na kimya kinaingia papo hapo kama umeme umekatika. Nikaja kupata nyingine yenye makofi na ni vitu viwili tofauti kabisa, kwa sababu wale watu hawasubiri noti ya mwisho ife, wanalipuka nayo, kelele zao zinapandia juu ya mlio wa piano wenyewe, watu waliokuwa wamezuiwa pumzi tangu mwanzo. Kabla hujalipa sikiliza sekunde 30 za mwisho, kama hakuna makofi tafuta nakala nyingine.